Murdo Bannerman na Mshipi wa Kufungulia Mto

"Jirani, hiyo kamba ni ya kuanikia nguo au ya kumfungia ng'ombe?"

Effie Macaskill aliuliza swali hilo miaka mingi iliyopita, akiwa bibi harusi aliyeletwa kutoka visiwani, asiyejua lolote kuhusu mito. Alisimama mlangoni na beseni la nguo mbichi, akimtazama mwanamume wa nyumba ya pili akifunga kamba nyembamba ya rangi ya chungwa kutoka kwenye mti hadi nguzo ya lango, kisha akiipangusa taratibu kwa kitambaa chenye sabuni kama mtu anayemwogesha mtoto.

"Ya kumfungia samaki," mwanamume akajibu bila kugeuka. "Na ukianika hata soksi moja hapo, mama, tutakosana."

Hawakukosana. Effie alijifunza mto polepole, na mumewe alipopungukiwa na nuru ya macho, duka la vifaa vya uvuvi karibu na daraja likabaki mikononi mwake. Leo hii hakuna mshipi unaoingia Mto Strannoch bila kupitia mezani kwake kwanza.

Asubuhi hii ya Jumamosi kumepambazuka kwa shida. Ukungu umelala juu ya maji, na majani ya ukingoni yamesimama meupe kwa barafu. Murdo Bannerman, yule jirani wa kamba, sasa mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, yuko mtoni. Maji yanamfika mapajani. Amevaa suruali ya mpira inayopanda hadi kifuani, na mikononi ameshika ufito wa kuvulia wenye urefu wa watu wawili na nusu.

Nyuma yake kuna mwamba na miti, kwa hiyo hawezi kuurusha mshipi nyuma kama mtu wa mjeledi. Anauinua kutoka majini, anauzungusha ubavuni, halafu anausukuma mbele. Zamani mshipi huo ulivuka mto mzima ukatua ng'ambo bila kelele. Leo unapaa, unasita, na ncha yake inaanguka katikati ya mto na kuzama.

Anajaribu tena. Safari hii anauma meno, na mkono wa kulia unashuka kabla ya wakati wake.

"Mshipi umekufa," anasema akitoka majini. Anaupitisha kati ya vidole na kuonyesha nyufa ndogo ndogo, kama za kisigino cha mtu atembeaye peku. "Ngozi ikipasuka, maji yanaingia. Mshipi wa kuelea ukishakunywa maji, huna mshipi."

Kuhusu bega lake la kulia hasemi kitu.

Murdo ni kiongozi wa wavuvi. Wageni wanaokuja kutafuta samoni kwa chambo cha manyoya hukabidhiwa kwake asubuhi, naye huwarudisha jioni. Huwaonyesha samaki anapumzika wapi, huwafundisha kutupa mshipi, huwabebea chai na wavu, na wakianguka majini huwatoa. Baba yake alifanya kazi hiyo hiyo katika mto huo huo. Mshahara, anasema, haukipiti sana kima cha chini cha nchi, na bahashishi hutegemea samaki, ambao nao hutegemea mvua.

Kinachomweka pale ni nyumba. Ile nyumba ya mawe iliyo juu ya ukingo ni mali ya milki, yaani wenye mto na ardhi yake, na hukaa humo yule anayeongoza eneo la juu la mto. Akiacha eneo, anaacha na ufunguo. Peigi, mke wa Murdo, amelea watoto watatu ndani yake, na mama mkwe wake alifia katika chumba kilicho nyuma ya jiko, akiwa ameshikwa mkono.

"Hatuna kuta nyingine," Peigi anasema, akiendelea kumenya viazi. "Siku watakaposema tutoke, tutatoka. Sitagombana na mtu. Lakini nisingependa iwe kwa sababu ya kamba."

Bega liliumia msimu uliopita, majani yalipoanza kunyauka. Mgeni mmoja mnene aliteleza juu ya jiwe, na Murdo akamdaka ukosi wa koti. Mkondo ukavuta upande wake, mgeni upande wake. Kitu kikalia begani kama kitambaa kinachochanwa. Mgeni alitoka salama, akakaa ukingoni, akauliza kama chupa yake ya chai imepona.

Daktari alimwambia kwamba msuli umechanika na hautarudi ulivyokuwa, na kwamba asiinue mkono kwa nguvu juu ya sikio.

"Nikamwambia, daktari, juu ya sikio ndiko ofisi yangu iliko," anasema Murdo.

Angeweza kulificha jambo hilo msimu mzima, kama wanavyofanya wengi, isingekuwa siku ya kufungua mto.

Kila mwaka, asubuhi ya siku ya kwanza ya msimu, watu wa Strannoch hukusanyika kwenye Kilindi cha Mhunzi. Kiongozi mwenye umri mkubwa kuliko wenzake huingia majini peke yake na kutupa mshipi mara moja. Chambo kinatakiwa kitue kando ya jiwe jeupe lililo ng'ambo. Kikitua, mchungaji anaomba, wiski inamwagwa mtoni, zumari linapigwa, na mto umefunguliwa. Kisipotua, anafuata aliye mdogo kwake kwa umri. Tangu enzi za babu zao, aliyeufungua mto ndiye anayeshika eneo la juu na nyumba yake.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeona haja ya kulifikiria jambo hilo, kwa kuwa Murdo alifika ng'ambo kila mwaka. Lakini msimamizi wa sasa wa milki, Bwana Haldane, aliyekuja kutoka Edinburgh, anazipenda desturi kuliko wenye desturi. Wageni nao wanazipenda, na wageni ndio wanaolipa.

Baada ya kuukunja mshipi wake uliopasuka, Murdo anakwenda dukani kwa Effie. Jumatatu mto utafunguliwa. Kesho ni Sabato.

Effie amekwishaweka maboksi mawili mezani kabla hajaulizwa.

"Ufito ni ule ule?" anauliza.

"Ule ule."

"Na bega?"

"Sikuja kununua bega."

"Ningekuwa nalo, jirani, ndilo ningekuuzia kwanza."

Boksi la kwanza lina mshipi mrefu, mnene sehemu kubwa ya urefu wake, ambao mvuvi huuinua karibu wote kwa mara moja na kuutupa wote kwa mara moja. Ndio mshipi wa Strannoch. Baba zao walitupa wa namna hiyo, na wageni husafiri kuja kuutazama ukiruka. Boksi la pili lina mshipi wenye kichwa kifupi kizito, na nyuma yake mkia mwembamba kama uzi. Watu wa mtoni wanauita kiluwiluwi, na hawautaji kwa upendo.

"Huu mrefu," Effie anasema, akigusa bega lake mwenyewe, "uzito wake wote unapita hapa. Huu mfupi unainua kichwa tu. Mkia unajifuatia wenyewe. Nguvu unaitoa kwenye mkono wa chini, na mkono wako wa chini ni mzima."

"Na baridi ya mwezi wa pili je?" Murdo anauliza. "Kila ukiutupa huo, lazima uuvute mkia urudi kwa vidole. Vidole vinalowa, vinapasuka. Maji yanaganda kwenye vipete vya ufito. Huu mrefu hauvutwi. Unatupa, unasubiri, unatupa tena."

"Ni kweli."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vidole vina glavu na mafuta ya kondoo. Bega lina nini?"

Murdo ananyoosha mkono mezani. Anafungua boksi la kiluwiluwi, anapima kichwa chake kiganjani, anakirudisha. Anapofungua tena, kengele ya mlango inalia na Dodie Fraser anaingia na baridi yake.

Dodie anaongoza eneo la chini la mto. Ni mdogo kwa Murdo kwa mwaka mmoja, na kwa sababu hiyo humwita mzee mbele ya watu wote. Yeye na mkewe wanaishi katika vyumba viwili juu ya gereji ya milki, ambako unyevu umechora ramani ukutani na mkewe hukohoa tangu mvua za vuli hadi wana-kondoo wazaliwe. Kama kuna mtu ambaye angefaidika na nyumba ya mawe, ni Dodie.

"Mzee, naona unanunua kiluwiluwi. Utakifuga kwenye chupa?"

"Nakitazama tu."

"Ndivyo walivyosema watu wa kusini. Walikitazama, wakakinunua, na sasa wanavua kama watu wanaofukuza nyuki."

"Dodie, unataka nini?" Effie anauliza.

"Ndoano kidogo na habari."

"Ndoano zipo. Habari zimekwisha."

Dodie anacheka, analipia ndoano zake, anaegemea mlango. "Jumatatu basi, mzee. Usipofika ng'ambo usijisumbue. Nitakuwa nyuma yako, nimeshanyoosha misuli."

Mlango unapofungwa, Murdo anakisogeza kiluwiluwi pembeni na kuuvuta mshipi mrefu karibu yake. Effie anaona. Anayafunga maboksi yote mawili kwa karatasi moja.

"Chukua yote," anasema. "Utalipia utakaoulowesha."

Mshipi mmoja ni pauni themanini. Kwa nyumba ya Bannerman hiyo ni fedha ya chakula cha wiki nzima, na Effie anajua hivyo kama anavyojua ukubwa wa buti za kila mtu kijijini.

Mchana huo, juu ya meza ya jikoni, Murdo alivingirisha kila mshipi kwenye kigurudumu chake. Angeweza kwenda kuujaribu ule mfupi kabla jua halijazama. Hakwenda. Darajani daima kuna mtu anayepita, na mtu huyo daima ana mdomo.

"Umefunga upi?" Peigi aliuliza.

"Yote."

"Na utautupa upi?"

"Nitajua nikifika."

"Unajua sasa," Peigi akasema. "Unaona haya tu."

Jumapili hakuna anayevua Strannoch. Sheria inakataza, na hata isingekataza, hakuna nyumba pale ambayo ingegusa kigurudumu siku ya Bwana, wala kupangusa mshipi, wala kuuzungumzia kwa sauti. Watu walikwenda kanisani kwa miguu kama ilivyo kawaida. Waliposimama kuimba zaburi, Peigi alishika kitabu cha wote wawili. Mkono wa kulia wa Murdo ulibaki juu ya kiti cha mbele, na wenye macho waliona.

"Nilimwomba Mungu bega," Murdo alisema baadaye. "Niliomba kwa bidii, sikusinzia hata kidogo. Sasa naona ningeomba anitoe haya. Hilo lingemchukua muda mfupi zaidi."

Jumatatu watu walijaa ukingoni kabla jua halijaugusa mlima. Wageni walikuja na makoti mapya. Mchungaji alikuja na kitabu chake ndani ya mfuko wa nailoni. Mpiga zumari alikuwa akipuliza vidole. Bwana Haldane alisimama mbele, kofia mkononi, mwenye heshima zake, kama mtu aliyealikwa kwenye ndoa ya watu wengine.

Murdo alitoka nyumbani na kiluwiluwi kwenye ufito. Hilo Peigi alilishuhudia mwenyewe. Kigurudumu chenye mshipi mrefu kilikuwa mfukoni, kwa tahadhari tu, alivyosema.

Alipokuwa akiteremka kwenye kokoto, mgeni mmoja alikuwa akimweleza mkewe kwa sauti kwamba hapa ndipo wazee wanapotupa ule mshipi mrefu wa kale, na kwamba huwezi kuuona popote pengine. Mkewe akainua simu yake kupiga picha.

Murdo akasimama. Akapiga goti moja nyuma ya jiwe kubwa, akatoa kile kigurudumu cha mfukoni, na akabadilisha. Ilimchukua muda, kwa sababu mshipi lazima upitishwe kwenye kila kipete cha ufito hadi juu kabisa. Watu walidhani anafunga chambo. Peigi hakudhani hivyo. Aligeuza uso akautazama mlima.

Ni kosa ambalo mtu wa mto mwingine asingelifanya. Mtu wa mto mwingine angetupa mshipi unaomfaa, akaenda zake kunywa chai.

Murdo aliingia majini hadi kiunoni. Akauinua mshipi, na kwa kitambo kidogo ulikuwa mzuri kuutazama, ukichomoka majini ukimwaga matone. Kisha mkono wa kulia ulipofika usawa wa sikio, ufito ukaporomoka. Mshipi wote ulianguka mbele yake, ukarundikana kama tambi zilizomwagika.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mpiga zumari alishusha zumari lake. Bwana Haldane alivaa kofia, akaivua tena. Halafu macho yote yakamgeukia Dodie Fraser, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Dodie alikuwa amesimama hatua chache kutoka majini. Ufito wake ulikuwa tayari, mshipi wake mrefu ulikuwa umeshatolewa na kulala kwenye kokoto, na bega lake halikuwa na kasoro. Bwana Haldane akamwashiria kwa kichwa.

Dodie akauegemeza ufito kwenye kichaka, akainama, akaanza kufunga kamba za buti yake.

Alifunga ya kulia. Akaitazama, hakuridhika, akaifungua. Akaifunga upya. Kisha akahamia ya kushoto.

"Bwana Fraser," msimamizi aliita kwa upole.

"Naja, bwana. Buti isipofungwa vizuri mtu anaweza kufa maji. Wewe mwenyewe ulitusomea kanuni za usalama."

Huko majini Murdo alikuwa amesimama tu, ameinamisha kichwa. Peigi ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu mezani: "Murdo. Kingine kiko mfukoni."

Akatoka. Akaanza kubadilisha tena, lakini mshipi ni mgumu kuupitisha kwenye vipete vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mara mbili uliponyoka ukateleza chini hadi mwanzo.

Hapo mchungaji, ambaye kwa desturi huomba baada ya mshipi kutua, aliona vema kuomba kabla. Watu wakavua kofia. Aliuombea mto na mvua. Aliwaombea wageni na safari zao. Aliwaombea samaki wadogo walioko changaraweni, wagonjwa wa kijiji mmoja mmoja kwa majina, wale walioko baharini, na serikali, ambayo si kawaida yake kuiombea. Kila aliposhusha pumzi alifungua jicho moja, akaona kipete kilichobaki, akaendelea.

Murdo hakufumba macho wakati wa maombi hayo. Mungu anajua ni kwa nini.

Baada ya amina aliingia tena majini, si mbali kama mwanzo. Hakuinua mkono juu. Alizungusha kichwa cha kiluwiluwi chini chini, karibu na maji, na mkono wa chini ukavuta kuelekea tumboni. Ilikuwa harakati fupi, isiyo na madaha yoyote, kama mtu anayefunga droo. Kichwa kikaruka. Mkia mwembamba ukakimbia kwenye vipete ukipiga mluzi, na chambo kikatua ng'ambo, ubavuni mwa jiwe jeupe.

Zumari likalia. Wiski ikamwagwa. Yule mgeni alimwambia mkewe kwamba huo ndio mshipi wa kale, na mkewe akasema umependeza.

Ndani ya kibanda cha wavuvi moto ulikuwa umeshika vizuri. Peigi aligawa supu ya kondoo na shayiri. Murdo alikaa karibu na jiko akipaka vidole mafuta ya kondoo. Kidole cha shahada kilikuwa kimekwisha kupasuka, kama alivyotabiri.

"Kiluwiluwi kimekuwa chura leo," Dodie alisema kutoka kwenye benchi la mlangoni, bakuli magotini. "Kimeruka mto."

"Na wewe buti zako zimefungwa?"

"Zimefungwa mno, mzee. Sijui nitazivuaje."

Wanaume wakacheka, na kicheko hicho kilimshusha Murdo mabega yote mawili. Akaanza kusema, bila kuulizwa, jambo ambalo alikuwa akilizunguka tangu Jumamosi.

"Wako wageni wetu wa zamani ambao hawaji tena," alisema. "Mzee yule wa Perth. Yule mama mjane aliyekuwa akija na mbwa. Wanaandika kwamba wana shughuli. Hawana shughuli. Wana mabega. Waliaibika mbele yangu, nami niliwaacha waaibike, kwa sababu nilidhani mtu asiyeweza kutupa mshipi mrefu amemaliza safari. Nataka niwaandikie. Niwaambie waje na kiluwiluwi, nami nitakuwa nacho, tutakaa eneo la juu tuvue kama vikongwe. Nikipewa misimu miwili mitatu ya kufanya hivyo, nitatosheka. Na Peigi aone waridi lake alilolipanda ukutani limefika dirishani."

"Limeshafika," Peigi alisema. "Ni wewe hutazami."

Hapo ndipo Bwana Haldane alipoingia, akakung'uta barafu kwenye viatu, akakataa supu kwa adabu, halafu akaikubali. Si mtu mbaya. Alikula vijiko kadhaa akiwa amesimama, kisha akaweka bakuli dirishani.

"Bwana Bannerman, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini nimeulizwa na wageni, na nitaulizwa na wenye milki. Desturi niliyoelezwa ni kutupa mara moja."

"Mara moja," Murdo alikubali.

"Wewe ulitupa mara ngapi?"

Peigi aliacha kuosha mwiko. Murdo alifunga kopo la mafuta ya kondoo, polepole, hadi kifuniko kikakaa sawa.

"Mara mbili. Wa kwanza haukufika. Bega langu la kulia limechanika tangu mwaka jana na halitapona. Mshipi mrefu siuwezi tena, na sitautupa tena mbele ya mtu. Huu mfupi nauweza, na kazi yangu naiweza. Ningekwambia mapema kama nisingekuwa mjinga."

Kuni zilipasuka jikoni. Msimamizi alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu ambaye angependa ajibiwe uongo.

"Basi haki ni ya anayefuata," alisema. "Eneo la juu na nyumba yake. Siwezi kujifanya sikuona. Ila ni haki yake yeye, si yangu. Akiidai, nitampa. Asipoidai, mambo yatabaki yalivyo, na sitalizungumza tena, leo wala mwakani." Akamgeukia mtu wa mlangoni. "Bwana Fraser, wewe unasemaje?"

Dodie alikuwa na kijiko mdomoni. Alikitoa. Kwenye kibanda kile hakuna asiyejua vile vyumba viwili vya juu ya gereji, wala kikohozi kinachosikika hadi barabarani asubuhi. Murdo hakumtazama. Peigi alimtazama, bila kuomba kitu.

Dodie aliinamisha bakuli akanywa supu iliyobaki. Akafuta kijiko kwenye suruali, akakiweka ndani ya bakuli, na bakuli akaliweka kwenye ndoo ya vyombo. Akasimama. Akavuta kofia hadi masikioni, akachukua ufito wake uliokuwa umeegemea ukutani, akaupitisha mlangoni kwa uangalifu, ncha ikitangulia, na akatoka kuelekea eneo lake la chini.